LDL (ile kolesteroli wanayoiita mbaya) ikishuka ghafla kwa mgonjwa wa korona, tushangilie?

Mjomba alilazwa na korona 2021, sukari anayo, presha anayo, siku ya nne wakampa majibu ya maabara LDL 1.4, mtu ambae miaka yote hua anacheza kwenye 3.8 huko, akanipigia pumzi zinakatika ila anacheka, "mjomba, mafuta yamekwisha!" Mi nikakaa kimya. Tangu 2020 madaktari wa Wuhan walishaandika kwamba wagonjwa wa korona LDL na HDL (kolesteroli wanayoiita nzuri) zinashuka, na kadri mtu anavyozidiwa ndo zinavyozidi kushuka, wanaopona zinarudi juu, wanaofariki hua zinaendelea kuteremka.

Sasa ubishi uko hapa, je mafuta kushuka ndo kunamuumiza mgonjwa au ni dalili tu kwamba kazidiwa?

Wanaosema ni dalili tu wana hoja nzito. Mwili ukipambana na kirusi unamwaga kemikali za kuwasha moto wa ndani kama IL-6, ini likipata hiyo taarifa linabadilisha kabisa kazi zake, HDL yenyewe inavuliwa protini yake ya kawaida inavalishwa nyingine, trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu) ndo mara nyingi zinapanda (na ukiwa ICU unalazwa usingizi kwa propofol jua ile dawa yenyewe imechanganywa na mafuta, kwa hiyo hapo usome majibu kwa akili). Kinachonishawishi zaidi ni tosilizumabu, dawa inayoziba njia ya IL-6, wagonjwa wa baridi yabisi wakipewa kolesteroli inapanda. Yaani ukizima ule moto wa ndani mafuta yanarudi yenyewe.

Upande wa pili nao sio wa kupuuza. Kuna ile hifadhi ya Uingereza, UK Biobank, watu walitolewa damu 2006 mpaka 2010, korona haijazaliwa bado, na waliokua na HDL ndogo kipindi kile ndo walilazwa zaidi korona ilipokuja. Hapo huwezi kusema kirusi ndo kiliishusha. Ila HDL ndogo hua inatembea na kitambi, sukari na sigara, na ukizitenganisha kwa mahesabu hua najiuliza kama zimetengana kweli. Halafu tukumbuke torcetrapib, dawa ya Pfizer, ilipandisha HDL vizuri tu na vifo vikaongezeka, wakaisimamisha 2006. Kupandisha namba sio kutibu mtu.

Statini je, zile dawa za kushusha kolesteroli? Iran walijaribu atorvastatini miligramu 20 kwa wagonjwa wa ICU, tofauti ya maana haikuonekana. Jaribio la kimataifa la REMAP-CAP nalo likajaribu simvastatini, statini nyingine, kwa mahututi, majibu yakatoka 2023, uwezekano kwamba inasaidia ulikua karibu asilimia 96 wakati wao walijiwekea lazima ufike 99 ndo waseme inasaidia, wagonjwa wa korona wakapungua jaribio likafungwa. Mi naona inaweza kusaidia kidogo, ila sio kwa sababu ya kushusha LDL, maana LDL ilishashuka yenyewe, labda ni ule uwezo wake wa kupoza moto.

Mjomba alitaka kuacha vidonge vyake vya kolesteroli palepale wodini, ana vipimo mkononi kama ushahidi, nikamwambia subiri upone kwanza. Miezi miwili baadae akapima tena, 3.7. Alinuna wiki nzima, akadai mashine ya maabara mbovu.