Masika, Kashata na Kipara

Kila mwaka mwezi wa Machi, kabla masika hayajashika, fundi wangu wa baskeli hupata wateja wa swali moja: "Una mipira ya kashata kubwa?" Kashata ndiyo yale meno ya tairi. Anayo, imetundikwa kwenye msumari juu ya mlango wa banda, na huiuza bila ya maneno mengi. Lakini baskeli yake mwenyewe, ile anayorudia nyumbani wakati wa magharibi mvua ikiwa inanyesha, imefungwa matairi mapana yaliyo karibu kuwa laini, yenye mifereji midogo tu. Siku nilipomuuliza alicheka. "Mie napita lami, bwana. Wao sijui wanapita wapi."

Wanaotaka kashata si wajinga, na hilo niliseme mapema. Wameona gari lenye matairi ya kipara, yaliyoisha kashata, likikamatwa na trafiki. Wameona vijana wa Ulaya kwenye simu wakibadilisha matairi ya baskeli za mlimani ikifika Oktoba, wanafunga yenye meno marefu kwa ajili ya matope, mizizi na majani yaliyooza. Mtu anayatazama hayo, kisha anatazama mvua yake ya Wete au ya Mwera, anaona ni jambo lile lile. Sehemu ni kweli. Sehemu kubwa si kweli, kwa sababu msimu wa mwenzetu una baridi inayougumisha mpira ukawa kama kigae, na njia anazozisema ni za msituni. Kwetu hata katikati ya mvua kubwa za Aprili mpira haupati baridi ya kuugumisha, na wengi wetu baskeli tunaipanda kwenda kazini, skuli au sokoni.

Tuanze na gari, maana hofu imetokea huko. Gari likienda mbio juu ya maji yaliyotuama, maji hayawahi kukimbia chini ya tairi, na tairi linapanda juu yake likaelea. Mwaka 1963 watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, walitoa hesabu ya mwendo ambao jambo hili huanza pale maji yanapokuwa yameishinda mifereji ya tairi. Ndani ya hesabu hiyo hamna kashata. Kuna upepo. Chukua psi ya tairi lako, yaani kipimo cha upepo wake, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 16.65 hivi, unapata kilomita kwa saa. Gari la psi 32 linatoa kama 94, mwendo ambao magari yetu huufika. Baskeli ya psi 36 inatoa kama 100. Ukijaza hadi 64 inakuwa 133.

Nimeikariri hesabu hii barazani mpaka watu wamenichoka, lakini naona ndiyo kiini cha mjadala mzima. Nitajie mtu aliyewahi kushuka na baskeli kwa mwendo wa 100 mvuani. Mteremko wa kuingilia bandarini Mkoani, mwenye mzigo nyuma akifika 40 ameshaanza kusoma dua. Na hesabu yenyewe ilitokana na matairi ya ndege, mapana. La baskeli ni jembamba na la mviringo, linayakata maji kama ngalawa. Kwa hiyo ile kazi ambayo kashata inafanya kwenye gari, ya kuyapisha maji, kwenye baskeli haipo. Kinachokushika juu ya lami yenye maji ni mpira wenyewe kugusana na lami, na unaogusa mwingi ndio unaoshika zaidi. Kashata kubwa zinagusa kwa vichwa vyake tu. Nafasi zilizo baina yake hazina kazi hapo. Halafu zinapinda. Weka kidole gumba kwenye kashata ya ubavuni, isukume: inalala. Kwenye kona inalala vivyo hivyo, na wewe uko juu yake.

Mie nililijua hilo kwa mteremko huo huo wa Mkoani, asubuhi moja ya rasharasha, kwa matairi mapya ya kashata niliyokuwa nikijivunia wiki nzima. Nyuma nilikuwa na nazi 12 ndani ya polo. Nilipoinama kuingia kona nilihisi baskeli inacheza chini yangu, kama mtu aliyekanyaga ganda la embe, na mara nikawa nimekaa barabarani natazama nazi zinavyoteremka kuelekea baharini. Rasharasha ndiyo mvua mbaya kuliko zote, kwani inachanganya vumbi na mafuta ya magari bila ya kuyaosha. Mvua ya ndoo ikinyesha nusu saa, lami inakuwa afadhali.

Sasa upande wa pili, na hapa nawapa haki yao. Pemba si Unguja. Ni vilima na mabonde, na mtu anayeshuka kwenye karafuu kuingia bonde la mpunga anapita kinamo, ule udongo unaonata. Kinamo kikilowa, tairi laini halina ujanja: nyuma inazunguka papo hapo, mbele inakwenda inakotaka yenyewe. Kashata inazama kwenye utope mpaka ifike pagumu, ikang'ata. Hakuna upana wala upepo unaoweza kuifanya kazi hiyo badala yake. Ila hata huko, kashata nyingi zinazouzwa sizo. Zimesongamana kwa uzuri wa macho, na baada ya hatua 50 kinamo kimejaa baina yake. Tairi limevaa udongo, limekuwa kipara kipya, kizito zaidi. Ukiwa na madigadi ndiyo kabisa, udongo unajaa juu, gurudumu linasimama, unashuka kutafuta kijiti cha kuchokolea. Anayepita kinamo kila siku atafute kashata ndefu zilizoachana, na tairi lisilo pana, la inchi 26 kwa 1.95 tuseme, ili kuwe na nafasi ya udongo kudondoka.

Na Unguja, ukienda mashariki na kusini, uwandani, kunako maweni, mambo yanageuka tena. Utope si mwingi, maji yanazama kwenye mawe. Tatizo la huko ni kukatwa. Mpira uliolowa hukatika kwa urahisi kuliko mkavu (anayebisha achukue kisu na kandambili kuukuu, akate pakavu, kisha atie maji akate tena), na ncha za maweni ni kisu tosha. Ndiyo maana pancha huwa nyingi wakati wa mvua. Hapo la kutazama ni unene wa tairi, khasa ubavuni, kashata isikushughulishe.

Swali basi ni unapita wapi, na watu hujibu kwa kiburi. Kila mtu anakumbuka kipande kibaya cha njia yake. Jirani yangu mmoja aliniapia kwamba njia yake ni utope mtupu. Nikamfuata siku moja: lami dakika 25, kifusi dakika 5, utope dakika 3, tena ule wa mlangoni kwake. Kwa dakika hizo 3 anasukuma matairi mazito yanayounguruma kwa dakika 25, na kwenye lami, yaliko magari, anashika vibaya zaidi. Si afadhali ashuke akokote? Aliniambia kushuka ni aibu. Sikuwa na jibu.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita: umri wa mpira. Baskeli zetu nyingi ni za mtumba. Zinakuja na kashata zimejaa, nzuri, ambazo zimekaa miaka ghalani kwa mtu. Bonyeza ukucha kwenye kashata. Ukiingia kidogo na alama ikarudi, mpira uko hai. Ukucha ukiteleza kama juu ya sahani, na ubavuni kuna nyufa kama za kisigino, hilo halifai mvuani hata liwe na meno ya papa. Tairi laini lenye mpira mbichi litalishinda mbali.

Na upepo. Mafundi wengi, na wangu pia, hujaza mpaka tairi ligonge kama jiwe, kwa kuwa mteja akibonyeza akakuta linabonyea husema hakupewa haki yake. Ubavuni mwa tairi pameandikwa kiwango, cha chini na cha juu, mathalan psi 40 mpaka 65. Wakati wa mvua nakaa karibu na cha chini. Tairi linatandazika zaidi, linagusa zaidi. Usipitilize tu, maana kwenye mashimo utaubana mpira wa ndani na rimu, utoke na matundu mawili kama jino la nyoka.

(Wengine wanalaumu matairi kumbe ni breki. Rimu za chuma zikilowa, vile vipande vya mpira vinateleza juu yake kama sabuni. Anayesema "baskeli haikushika" huenda ameponzwa na rimu.)

Mwaka huu sikukaa upande mmoja. Nyuma nimefunga laini na pana. Mbele nimefunga la kashata za wastani, zilizoshikana katikati na kuachana pembeni, mpira mbichi. Watu hufanya kinyume: tairi jipya huwekwa nyuma kwa sababu la nyuma ndilo linaloisha upesi, linabeba uzito na ndilo linalosukuma, na kipara kinahamishiwa mbele. Kwa mfuko ni sawa. Lakini nyuma ikiteleza mara nyingi unaweza kutia mguu chini. Mbele ikiteleza, hata huo muda huupati.

Fundi aliyatazama matairi yangu yasiyofanana, akauliza kama pesa zimenipungukia. Akayafunga. Nilipofika nyumbani nikaona ule mshale wa ubavuni wa tairi la mbele, unaoonyesha lizunguke upande gani, unaelekea nyuma, ikabidi nirudi, naye akalifungua tena bila ya kusema neno.