Tendo la saba tunaliweza, shida ni yale sita

Mkatoliki yeyote aliyepitia mafundisho ya komunyo ya kwanza anayajua matendo ya huruma ya kimwili. Ni saba: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika walio uchi, kuwakaribisha wageni, kuwatazama wagonjwa, kuwatembelea wafungwa na kuzika wafu. Katekista alitukaririsha mpaka yakatuganda kichwani. Alichosahau kutuambia ni kwamba sita ya kwanza ndiyo yaliyotoka kinywani mwa Yesu, Mathayo sura ya 25. La saba halimo pale. Kanisa lililichota kutoka Kitabu cha Tobiti, yule mzee wa Ninawi aliyekuwa akiwazika kwa siri Waisraeli wenzake waliouawa, hadi mfalme akataka kumuua na yeye. Na hata Tobiti, ukimsoma taratibu, anaanza kwa kusema aliwapa mkate wenye njaa na nguo walio uchi. Maiti zinafuata baadaye.

Sasa waulize Wakristo wa Igogo, Mabatini au Buhongwa, hapa jijini Mwanza, ni lipi kati ya hayo wanalifanya bila kusukumwa. Tunazika. Mtu akifariki alfajiri, saa mbili asubuhi turubai limeshafungwa, viti vimeshushwa kwenye guta, kina mama wameshagawana nani analeta masufuria na nani anakwenda soko la Mwaloni kutafuta samaki wa bei ya jumla. Kamati inapata mwenyekiti, katibu na mtunza hazina kabla jua halijawa kali. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, kila jina na kiasi chake, na ambaye hajatuma hadi jioni anakumbushwa hadharani. Kama marehemu ni wa Ukerewe au Bunda, usafiri utapatikana tu. Sijawahi kuona mtu wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ya mtaani akikosa sanduku. Siibezi kazi hiyo hata kidogo. Mji ambao watu wanazikana hivi bado una utu.

Lakini marehemu huyo alianza kwa kuugua, na mara nyingi aliugua muda mrefu. Wakati huo kundi la WhatsApp lilikuwa na kazi gani? "Tuzidi kumwombea." Jumuiya ilikwenda siku moja na kilo mbili za sukari na mche wa sabuni, ikaimba, ikasali, ikapiga picha ya pamoja mgonjwa akiwa katikati amejikaza kutabasamu, ikaondoka. Yakobo aliwahi kuwachora watu wa namna hii, wanaomwambia ndugu asiye na nguo wala riziki, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," wasimpe kitu. Sisi walau tulitoa sukari. Ila sukari ya siku moja kwa ugonjwa wa miezi sita ni karibu sana na kile anachokilalamikia Yakobo.

Watu husema tumekuwa wanafiki, tunampenda mtu akishakufa. Mimi siamini hivyo. Nadhani msiba umepangwa vizuri na ugonjwa haujapangwa kabisa. Msiba una tarehe ya kuanza na ya kuanua matanga. Una bajeti inayosomwa mbele za watu. Una aibu yake pia, maana orodha itasomwa na jina lako litakuwepo au halitakuwepo. Na zaidi ya yote una malipo: nikikuzika leo, wako watanizika kesho. Hilo la mwisho hatulisemi kwa sauti, lakini kila mtunza hazina wa kamati analijua. Asiyechangia misiba ya wenzake, siku yake ikifika viti vinabaki vitupu.

Hapo ndipo Injili inapotubana. Katika Luka 14 Yesu anasema ukifanya karamu usiwaite rafiki zako na jirani zako wenye mali, wasije nao wakakualika, ukalipwa. Waite maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa sababu hawana cha kukulipa. Rambirambi, kwa uzuri wake wote, ni karamu ya watu watakaolipana. Ni ushirika, na ushirika ni jambo jema, lakini Mkristo hawezi kuufikisha mbinguni kama risiti ya huruma.

Siku ya kwanza ya balaa huku ziwani tunaiweza pia, wala hakuna wa kutufundisha. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Septemba 20, 2018, karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, wavuvi wa pale waliwahi na mitumbwi yao kuokoa watu kabla ya vyombo vikubwa kufika. Hawakuuliza dini wala ukoo. Yule Msamaria wa Luka 10 naye alianza hivyo hivyo: akaona, akahurumia, akafunga majeraha, akampandisha mtu juu ya mnyama wake. Mahubiri mengi niliyosikia yanakomea hapo. Kisa chenyewe hakikomei hapo. Siku ya pili Msamaria anatoa dinari mbili, anampa mwenye nyumba ya wageni na kumwambia, "Mtunze huyu, na cho chote utakachogharimiwa zaidi, mimi nitakaporudi nitakulipa." Dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku, kwa mfano wa wale wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Basi ni ujira wa siku mbili, taslimu, kwa mtu asiyemjua jina. Mbebaji wa Mwaloni anayeshusha magunia ya dagaa kwa mgongo wake anaelewa uzito wa ujira wa siku mbili kuliko sisi tunaohubiriwa. Na juu yake kuna ile ahadi isiyo na kikomo, na kurudi kulipa.

Huruma hiyo tuipeleke Bugando, tusibaki kwenye njia ya Yeriko ya yule Msamaria. Hospitali ile juu ya kilima, iliyofunguliwa mwaka 1971, inapokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kanda ya Ziwa yote: Mara, Geita, Simiyu, Kagera, visiwani. Zamani mgonjwa wa saratani wa huku alipaswa kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, apate mionzi. Sasa mionzi ipo hapa hapa, na hiyo ni neema kubwa. Lakini tiba ya mionzi mara nyingi hutolewa siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo, dakika chache kila siku, kisha mgonjwa anaruhusiwa kwenda. Kwenda wapi? Mama aliyetoka Ukara hawezi kurudi nyumbani jioni na kuwahi tena asubuhi. Anahitaji mkeka, uji, maji ya kuoga, nauli ya daladala na mtu wa kumsindikiza akizidiwa. Dawa peke yake haimwokoi mtu aliyekosa pa kulala katikati ya tiba, kwa maana ataacha na kurudi kisiwani. Chumba kimoja cha kupanga Mabatini, kikilipiwa kwa zamu na jumuiya tatu, kingefanya kazi ambayo mikesha kumi ya maombi haijaifanya. Wasomaji walokole mtanisamehe. Mkeshe, ila mlipe na kodi ya chumba.

Kuna mtihani mgumu zaidi, nao hauhusu fedha. Mikoa yetu hii, Mwanza na Shinyanga hasa, ina historia ya aibu ya vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na alama waliyopewa ni macho mekundu. Macho ambayo yamepikia moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka hamsini yatakuwa na rangi gani nyingine? Bibi wa namna hiyo akikimbia kijijini akaja kukaa kwa mjukuu wake mtaani kwenu, ni "mgeni" wa Mathayo 25 kwa kila kipimo. Je, jumuiya itasali nyumbani kwake? Mtoto wa jirani akipata degedege wiki hiyo hiyo, nani atakuwa wa kwanza kusema "hapana, tumpeleke mtoto hospitali, bibi mwacheni"? Nimesikia Wakristo wenye rozari mkononi wakinong'ona kuhusu "mbaya wake". Huruma ya kutoa unga ni rahisi. Ya kukaa benchi moja na mtu anayeogopwa na mtaa mzima, ukaonwa umekaa naye, ndiyo inayogharimu.

Wafungwa wa Butimba sitawasema sana. Tunapita na daladala nje ya gereza kila siku, hilo linatosha.

Ninachopendekeza hakihitaji semina. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Mashine tunayo tayari: mwenyekiti, katibu, daftari, kundi la simu, na ile aibu tamu ya orodha kusomwa. Iwashwe mtu akiwa bado anapumua. Anayepewa rufaa apangiwe kamati siku ile ile, yenye bajeti na tarehe ya kurudi kumwona tena, awe amechangia misiba ya wenzake au la.

Mtunza hazina wetu ana pingamizi mbili. Ya kwanza, kwamba kutibu ni kazi ya serikali na ndiyo maana kuna bima. Sawa, ila bima hailazi mtu wala haimpikii uji. Ya pili inamtoka kwa uchungu zaidi: ugonjwa hauna mwisho, na wengine watadanganya. Watadanganya, ndiyo. Hata misibani wapo waliomzika shangazi yule yule mara tatu ili wapate ruhusa kazini, na hakuna parokia iliyofuta rambirambi kwa sababu yao.