Ulizia kwanza siku mfanyakazi anapoondoka

Wafanyabiashara wengi hapa Mbeya wakitafuta programu ya kusimamia akaunti na ruhusa za wafanyakazi, huanza na bei ya kwa mwezi. Mimi ningeanza kwingine: mtu akiacha kazi leo saa tisa alasiri, saa kumi atakuwa bado anaweza kuingia wapi?

Chukua mnunuzi wa mpunga mwenye ofisi Mwanjelwa, ghala Kyela na duka Tunduma. Ana programu ya hesabu, mfumo wa stoo na barua pepe. Kwenye kompyuta ya kaunta kumebandikwa kikaratasi: mtumiaji ni "stoo", nywila ni jina la kampuni na mwaka. Wanaitumia watu watano. Magunia yakipungua kwenye mfumo, haijulikani nani kaandika nini, na mara nyingi anayekatwa mshahara ni yule asiye na wa kumtetea. Hilo linaniuma kuliko hasara yenyewe. Akaunti yenye jina la mtu humlinda mfanyakazi mwaminifu kabla hata ya kumlinda tajiri wake.

Kwa hiyo muuzaji akija na maonyesho yake, mwambie afungue akaunti ya majaribio, aingie nayo kwenye mfumo wako wa hesabu, kisha aifunge mbele yako. Tazama vizuri. Ziko programu zinazozuia mtu kuingia upya lakini aliyekwisha kuingia huendelea na kazi hadi muda aliopewa na mfumo wa kukaa ndani uishe. Na kama unaajiri watu wa msimu, kama wanavyofanya wa parachichi Rungwe na Njombe, taka akaunti inayojifunga yenyewe mkataba ukiisha.

Uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya muda mfupi, usikubali uwe wa SMS peke yake. Laini ya simu inaweza kuhamishwa kwa ulaghai, na ujumbe huchelewa pale mtandao unaposuasua. Programu ya simu inayotoa tarakimu 6 kila baada ya sekunde 30 haihitaji bando wala mtandao. Inachotaka ni saa ya simu iwe sahihi, la sivyo namba zitakataliwa. Uliza pia kazi itakwendaje intaneti ikikatika. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania nzima iliona.

Keycloak, programu ya kusimamia akaunti unayoiendesha mwenyewe, haina ada ya leseni, na ni nzuri, ila inataka mtu wa kuangalia seva na kuweka masasisho. Huna mtu huyo? Iache. Kama tayari unalipia Microsoft 365 au Google Workspace, anza na vilivyomo humo: unaweza kulazimisha hatua mbili na kufunga akaunti bila kununua kitu kingine.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Majina, simu na akaunti za wakulima wako ni taarifa za aina hiyo. Muulize muuzaji zitakaa nchi gani na nani upande wake anaweza kuziona, kisha ayaandike majibu hayo kwenye mkataba kabla hujalipa.