Je, Filamu Huzitendea Haki Hadithi za Kisayansi?

Wasomaji wa hadithi za kisayansi wana lalamiko la siku zote: filamu huchukua vyombo vya angani na kuziacha fikra. Lina ukweli, ila si ukweli wote.

Chukua Solaris, riwaya ya mwaka 1961 ya Stanisław Lem wa Poland. Inahusu sayari iliyofunikwa na bahari yenye akili, ambayo binadamu wameichunguza vizazi kwa vizazi bila kuielewa. Utamu wake mwingi umo kwenye kurasa zinazopitia maktaba ya kituo cha utafiti: nadharia juu ya nadharia, wataalamu wakibishana, kizazi kimoja kikibomoa hoja za kingine. Hapo ndipo msomaji anapouhisi ukomo wa akili yetu. Filamu ya Andrei Tarkovsky ya mwaka 1972 iliziweka kando nyingi ya kurasa hizo, ikaanzia duniani, nyumbani kwa baba, na kuipa nguvu zaidi dhamira ya mume anayesutwa na kifo cha mkewe. Lem hakuridhika hata kidogo, na ninamwelewa. Filamu yenyewe ni nzuri mno, lakini swali alilouliza yeye halimo tena katikati yake.

Dune ya Frank Herbert, iliyotoka mwaka 1965, ina ugumu wa aina nyingine. Wahusika wake huwaza kila wakati, mmoja akimpima mwenzake huku wakizungumza kwa adabu. Mwaka 1984 David Lynch aliwafanya wanong'one mawazo yao, na manong'ono hayo yanachosha. Denis Villeneuve aliyaondoa, akategemea macho, ukimya na ishara za mikono kati ya mama na mwanawe. Tena alijipa filamu mbili, ya 2021 na ya 2024, kwa riwaya moja.

Kwa maoni yangu, uaminifu kwa kila tukio la kitabu hausaidii sana. La maana ni mwongozaji kupata mbinu ya kisinema inayofanya kazi iliyofanywa na sentensi. Hadithi fupi humrahisishia hilo, kwa kuwa mara nyingi hubeba wazo moja ambalo saa mbili zinalitosha.

Ushahidi wangu mkubwa ni Arrival ya mwaka 2016, pia ya Villeneuve, iliyotokana na hadithi ya Ted Chiang ya mwaka 1998. Kwenye hadithi, mwanaisimu anayejifunza lugha ya viumbe wageni anamsimulia binti yake kwa wakati ujao: utafanya hivi, utasema vile. Filamu inafungua kwa mtoto kuzaliwa, kukua, kuugua na kufa. Kwa mazoea ya sinema, mtazamaji huchukulia kwamba hizo ni kumbukumbu za mama. Baadaye sana anagundua kuwa ni mambo yajayo. Mpangilio wa picha umefanya kazi ya nyakati za vitenzi, na pengine kwa uchungu zaidi.

Gharama yake ipo. Chiang alijenga hoja yake juu ya kanuni ya Fermat, kwamba mwanga hufuata njia ya muda mfupi zaidi, kana kwamba unajua mapema unakokwenda. Filamu haiijengi hoja hiyo, badala yake inaleta hofu ya vita kati ya mataifa, sehemu ninayoiona dhaifu kuliko zote. Hadithi inakueleza kwa nini mama anakubali yajayo. Filamu inakufanya ukubali pamoja naye. Kwa hadithi hii, mabadilishano hayo nayakubali.