Draivu moja ya DVD kwa ofisi nzima: tuiunganishe au tuiache?

Ofisi moja ya wapima ardhi hapa Mbeya mjini ina kompyuta 9, na yenye draivu ya DVD ni moja tu, ile ya mezani iliyoko masijala. Nyingine zote ni kompyuta mpakato zisizo na pa kuingiza diski. Nyuma ya kiti cha karani kuna kabati lenye diski zinazokaribia 200: michoro ya viwanja vya Uyole, Iyunga, Vwawa na Tunduma, pamoja na majedwali ya koordineti (namba za mahali) za bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja. Mteja akija na mgogoro wa mpaka, mara nyingi jibu limo humo kabatini. Waliponiita, swali lao lilikuwa kama waifungue draivu hiyo kwenye mtandao wa ndani, kila mtu asome diski akiwa mezani kwake.

Wanaoitaka njia hii wana hoja nzito. Hakuna cha kununua. Windows inaichukulia draivu ya diski kama folda: unaingia kwenye sifa zake, unairuhusu itumiwe na wengine, kazi imekwisha. Apple nao walipotoa MacBook Air mwaka 2008 bila draivu ya diski, waliweka njia ya kuazima draivu ya kompyuta nyingine kupitia mtandao. Kwa hiyo si ujanja wa kuungaunga.

Hoja ninayoithamini zaidi ni kwamba diski haitembei. Diski inayotoka masijala kwenda meza ya tatu hulazwa juu ya karatasi, ikawekewa kikombe cha chai, ikarudi na mikwaruzo na vumbi letu la Septemba. Wengi hulinda upande unaong'aa peke yake, kumbe kwenye CD tabaka lenye data liko chini tu ya lebo. Mkwaruzo wa juu ndio unaoua kabisa, kwa sababu ule wa chini, ukiwa mwepesi, unaweza kusuguliwa na diski ikasomeka tena. Ikibaki masijala, angalau anayeishika ni mtu mmoja anayejua thamani yake.

Kasi si tatizo kubwa. CD kwenye draivu ya 52x, yaani yenye kasi mara 52 ya ile ya CD za mwanzo, haizidi megabaiti 7.8 kwa sekunde, na swichi (kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi) ya kawaida ya megabiti 100 inabeba hadi megabaiti 12.5. DVD ya 16x, kwa kipimo chake yenyewe, ndiyo inayofika kama megabaiti 22, hapo kebo itakuwa nyembamba. Ila kwa mchoro mmoja wa kiwanja, hakuna atakayeona tofauti.

Ugumu uko kwingine. Draivu ina trei moja, na trei inakaa diski moja. Nilikaa masijala asubuhi nzima siku ya majaribio. "Dada, niwekee ya Tunduma ya 2009." "Subiri kaka, wenzako bado wanasoma ya Vwawa." Kabla hajaketi, mwingine analalamika faili limekatika katikati, maana trei imefunguliwa yeye akiwa bado anakopi. Wawili wakisoma diski moja kwa wakati mmoja, jicho la leza linarukaruka huku na huku, na kasi inashuka hadi wote wanaona kama kompyuta imeganda. Mzigo haukuondoka, ulihamishwa kutoka miguu ya wapimaji ukawekwa mabegani mwa karani, na hakuna aliyemuuliza kama anauweza. Umeme ukikatika na kompyuta yake haina UPS (betri ya akiba), ofisi nzima imekosa kabati.

Halafu kuna jambo linalonisumbua kuliko hilo. Ukifungua folda, unajua umeweka nini ndani yake. Ukifungua draivu, umefungua mlango, na chochote kitakachoingizwa baadaye kimeshafunguliwa kabla mwenyewe hajajua. Niliwahi kuona katika ofisi nyingine mhasibu akiingiza diski ya orodha ya mishahara ili achapishe ukurasa mmoja, na kijana wa mapokezi akaiona yote kwenye skrini yake bila kuitafuta. Mhasibu hakufanya kosa lolote. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo si aibu ya ofisini tu. Nenosiri linapunguza hatari, lakini ofisi ninazozifikia nyingi huliondoa ndani ya wiki moja kwa sababu linachelewesha.

Njia mbadala ni kuigeuza kila diski kuwa faili moja la ISO, yaani nakala kamili ya diski nzima, na kuliweka kwenye folda ya pamoja. Tangu Windows 8, ukilibofya mara mbili linafunguka kama diski halisi, na watu watano wanaweza kusoma diski tano tofauti bila kumwita karani. CD 200 zilizojaa, kwa megabaiti 700 kila moja, ni gigabaiti 140 tu. Hata hivyo njia hii nayo ina gharama. Hadiski moja ikifa bila nakala ya pili, zimekwenda zote 200 kwa siku moja, jambo ambalo kabati lenye kufuli halijawahi kufanya. Faili la ISO linafutika kwa kidole kilichoteleza. Diski iliyokwisha kuchomwa (kuandikwa data kwa leza) na kufungwa isiongezewe kitu haibadilishwi na mtu wala kirusi, na panapokuwa na ubishi wa mpaka, hilo lina uzito. Diski za programu zenye leseni ya kompyuta moja nazo hazipaswi kuingizwa humo.

Mimi niliegemea ISO, hadiski mbili, na diski zenyewe zibaki kabatini. Draivu tuliiacha wazi kwenye mtandao kwa wiki tatu tu, kwa nenosiri, na kwa saa za asubuhi peke yake, ili kazi za wateja zisisimame wakati karani akinakili mchana. Alianza na zile za zamani zaidi, na zote zilisomeka isipokuwa 4. Moja kati ya hizo ilikuwa na kibandiko cha karatasi kilichoanza kubanduka, na kilipovutwa kikatoka na utando wote wa fedha. Mkononi mwake ikabaki plastiki inayopitisha mwanga wa dirisha, na jina la kiwanja limeandikwa vizuri kabisa kwenye kile kibandiko.