Mheshimiwa, Umelikanyaga

Jamani, mimi sina ugomvi na waziri. Ugomvi wangu ni na shimo. Liko mbele ya kinyozi, mwaka wa pili huu. Watu wa maji walilichimba wapitishe bomba; bomba likapita, na wao wakapita. Ukiwafuata wanakwambia barabara si yao. Ukienda kwa watu wa barabara, "aliyechimba ndiye afukie." Ukienda ofisi ya mtaa, unafunguliwa daftari uandike jina na namba ya simu. Daftari lile nimeliandika mpaka mgeni akilifungua atadhani ni la kwangu.

Basi tukasikia waziri anakuja kusikiliza kero. Usiku kucha niko na simu nasoma Katiba. Msicheke. Ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Nikamsomea mama watoto kwa sauti. Akasema, "Madaraka baadaye, gari la taka linapita lini?"

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyenivuruga kabisa. Eti serikali za mitaa zilifutwa 1972, sheria zinazoziongoza sasa ni za 1982, na barabara za mitaa zilikuwa za halmashauri mpaka 2017 zilipokabidhiwa wakala wake. "Kwa hiyo uliza kwa mpangilio," ananionya. Mimi nina shimo moja, mwalimu ananibebesha historia ya nusu karne!

Siku ikafika. Asubuhi natoka, shimo silioni. Nikazunguka kwa kinyozi mara mbili kama mtu aliyedondosha funguo. Kumbe usiku wamemwaga kifusi, juu yake hema, viti vya kukodi, zulia jekundu. Meza kuu imekaa juu ya kero yangu!

Tukapigwa jua saa tatu nzima tukisubiri msafara. Ukaja. Kwaya, risala, halafu utambulisho: huyu anasimama anapunga, yule anasimama anapunga, mpaka dereva wa mtu akapunga. Muda wa maswali ukabaki dakika kumi. Wa kwanza akashukuru. Wa pili akaomba kuungana na mwenzake kushukuru. Maiki inapita juu ya kichwa changu kama sinia la pilau lisilonihusu. Nikaidaka.

Ibara ya 146 yote ikayeyuka. Nikasikia tu sauti yangu kwenye spika: "Mheshimiwa, shimo!"

"Shimo gani, mzee wangu?"

"La mtaani hapa."

"Liko wapi?"

"Mheshimiwa, umelikanyaga."

Kimya. Waziri akatazama viatu vyake. Akabonyeza zulia kwa ncha ya kiatu, polepole, nalo likadidimia kama godoro la gesti. Akarudi nyuma hatua moja. Huko nako likadidimia. Mkuu wa wilaya akacheka, kisha akakumbuka yeye ni nani.

"Mkurugenzi!" Mkurugenzi akainuka, akaomba injinia amsaidie kufafanua. Injinia akafafanua kwamba kitaalamu hilo si shimo, ni eneo linalosubiri kurejeshwa katika hali yake. Na wa maji? Yuko likizo. Sijui kwa nini kila kero ikiitwa, mwenyewe yuko likizo.

"Nawapa siku kumi na nne!" akasema waziri. Vigelegele! Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, ndipo nikajiuliza: amewapa nani? Msafara ulikuwa umeshageuza.

Leo ni siku ya ishirini na moja. Hema walilifungua jioni ileile, kifusi kikaondoka na mvua ya kwanza. Jana mtendaji akanipigia simu, nikaruka kitandani. Kumbe anataka vipimo vya shimo aambatanishe kwenye taarifa, na kwa kuwa mimi ndiye mlalamikaji, ninalifahamu vizuri.

Nikaazima futi kamba kwa fundi. Kinyozi akanishikia ncha moja, mimi nikachuchumaa upande wa pili, kalamu sikioni. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo, akazunguka shimo, akanitazama kwa hasira.

"Nyie watu wa serikali, hili shimo mnaziba lini?"

Nikamwambia bado tunapima.