Mwezi ukijaa, alibaki nyumbani

Habari yenu juu ya wavuvi wa sambaza (samaki wadogo kama dagaa) wa Ziwa Kivu imenikumbusha marehemu baba mkwe wangu, aliyekuwa mvuvi hapa Bukavu, kando ya ziwa hilo. Jioni yeye na wenzake walitoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka, nyimbo zao zikitufikia hadi mlimani. Mwezi ukijaa sambaza hawafuati taa, basi siku hizo zilikuwa za wajukuu: anashona nyavu uani, wao wanamshikia uzi, mdogo kabisa kasinzia juu ya nyavu. Bakuli la kwanza la alfajiri lilikuwa la mama mkwe, haliuzwi hata tukidaiwa minervali, yaani karo ya shule. Ukimwambia sambaza waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, alikuwa anacheka tu: “Wa kwangu wamezaliwa hapa!”